Mapera ya lupango na damu ya watoto wetu

AFYA YA JAMAA



Mwezi huu tunazungumza juu ya kitu kilicho karibu nasi sana, na labda juu ya ile hatukiheshimu. Ni mapera, yale ambayo kwa Kifaransa wanaita goyave. Tangu Kipushi mpaka Kolwezi, ukipita Lubumbashi, Likasi, Kambove na Fungurume, ni nguvu kutembea njia moja tu ya site bila kuona muti wa mapera ukichungulia juu ya ukuta wa lupango. Mara nyingi hakuna mutu aliyeupanda. Ndege alileta mbegu, mvua ikanyesha, kiisha miaka michache watoto wanapanda juu ya matawi. Wakati maembe yamekwisha kupita na mvua inakaribia kwisha, mapera yanaiva yote pamoja, yanaanguka, inzi wanakuja, na mama wa nyumba anakasirika: «Bakate huu muti, unaletaka tu buchafu!»

Mama, ngojea kidogo. Mbele ya kuchukua shoka, soma kwanza ukurasa huu mpaka mwisho. Muti ule unaweza kusaidia damu ya watoto wako.

CHAKULA AU MUCHEZO?

Ukiuliza watu kwenye soko juu ya mapera, utasikia maneno kama haya:

«Ile mapera njo ya batoto na ya ndege. Mukubwa akikula, banamucheka.»

«Kitunga muzima ya mapera nitafanya nayo nini? Nauzisha, napata franga ya jusi ya batoto.»

Tufikiri vizuri juu ya neno hili la pili. Mama anachuma mapera katika lupango lake, anayapeleka sokoni, anayauzisha kwa bei ya chini. Kwa franga ile ananunua visashe vya unga wa jusi, anakoroga na maji, anawapa watoto. Ndani ya sashe kuna nini? Kwa sehemu kubwa ni sukari, rangi na harufu ya matunda. Basi mama ametoa tunda la kweli, amerudi na harufu ya tunda. Na watoto wa yule aliyenunua kitunga ndio wanaokula mazuri.

Hatusemi kwamba kuuzisha ni vibaya. Franga inaombwa kila siku nyumbani: chumvi, sabuni, masomo ya watoto. Tunasema tu: ya nyumbani yatoke kwanza, ya soko yafuate.

Wazee wanajua desturi hii ilitoka wapi. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na nyuma yake ikaja Gécamines. Katika kambi za wafanyakazi chakula kilitoka kwa kampuni: unga na vitu vingine vya posho. Tukazoea kufikiri kwamba chakula ni kile kinachokuja ndani ya mufuko. Tunda halikuwa ndani ya mufuko, basi halikuhesabiwa. Kiisha miaka ya 1990 ikaleta shida, na katika mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walianza kuacha kazi kwa ule mupango ulioitwa «départ volontaire». Posho ilikwisha. Lakini mawazo ya posho hayakwisha: mpaka leo jamaa nyingi zina unga ndani ya nyumba na matunda yanaoza inje.

DAMU INAPUNGUKA NAMNA GANI?

Sasa tufike kwenye shina la neno letu. Katika uchunguzi mukubwa wa afya uliofanyika katika inchi yetu mwaka 2013-2014, walipima damu ya watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Kati ya watoto 100, watoto 60 walikuwa na upungufu wa damu, ile tunayoita anemi. Kati ya wanawake 100 wa miaka 15 mpaka 49, wanawake 38 walikuwa nao. Hesabu watoto walio katika njia yenu. Zaidi ya nusu!

Mutoto wa anemi hasemi «damu yangu imepunguka». Utaona tu anachoka mbio, anakaa pembeni wakati wengine wanacheza, anasinzia masomoni. Mwalimu anasema ni muvivu. Angalia ndani ya mikono yake, angalia midomo, vuta kidogo ngozi ya chini ya jicho: kama ni nyeupe-nyeupe, si uvivu. Mama mwenye mimba mwenye anemi anasikia moyo unapiga mbio akipanda hata ngazi tatu, anatamani kula udongo, ile pemba ya sokoni. Na pemba yenyewe inazidi kufunga njia ya chuma katika tumbo. Siku ya kuzaa, akipoteza damu kidogo tu, hatari ni kubwa, kwa sababu hakuwa na akiba.

Sababu za anemi ni nyingi. Malaria inavunja damu. Minyoo ya tumbo inainyonya. Mimba zinazofuatana bila kupumzika zinamaliza akiba ya mama. Wengine wamezaliwa na ugonjwa wa SS. Lakini kuna sababu nyingine inayoingia katika sahani yetu kila siku: kukosa chuma katika chakula.

Chuma? Ndiyo, ni madini kama yale tunayoyajua. Damu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kimoja ndani yake kilicho na chuma, na kazi ya kitu kile ni kubeba hewa safi kutoka mapafu mpaka kwenye ubongo, mikono na miguu. Chuma kikikosa, wabebaji wa hewa wanapunguka, na mwili muzima unafanya kazi nusu-nusu.

CHUMA KIKO NDANI YA SOMBE, LAKINI KIMEFUNGWA

Hapa mama atajibu: «Lakini shiye tunakulaka sombe, tunakulaka lengalenga na maharagi kila siku. Hamuna chuma mule?»

Kimo, mama. Lakini kuna chuma cha namna mbili. Kile cha nyama, samaki na maini kinaingia mwilini kwa urahisi. Kile cha majani, maharagi na unga wa mahindi kinaingia kwa shida sana. Ndani ya chakula kile kuna vitu vingine vinavyokishika, na sehemu kubwa inapita tumboni na kutoka inje bila kutusaidia. Nyama ni bei, na hata samaki hafiki kila siku. Basi wengi wetu tunaishi kwa chuma kile cha pili.

Watu wa inchi ya shaba wanaweza kuelewa neno hili kuliko wengine. Chukua jiwe la malakite, lile la rangi ya majani mabichi. Shaba iko ndani. Unaweza kukaa na jiwe lile nyumbani miaka makumi, halitakupa hata waya moja. Kule Likasi, katika kiwanda cha Shituru, tangu mwaka 1929 wanafanya nini? Wanasaga jiwe na kulitia katika asidi. Asidi inatoa shaba katika jiwe, inaingia katika maji, na kiisha wanaikamata. Bila asidi, jiwe linabaki jiwe.

Tumbo letu liko kama kiwanda kile. Sombe ni jiwe, chuma ni shaba. Na asidi inayohitajiwa iko katika tunda: jina lake asidi askorbiki, au kwa jina tulilozoea, vitamini C. Ikikutana na chuma cha majani ndani ya tumbo, inakifungua na kukigeuza kuwa namna ile ambayo mwili unaweza kuipokea. Lakini lazima vikutane wakati mumoja. Kiwanda hakitii asidi leo na jiwe kesho.

Neno hili limepimwa na watu. Mwaka 2013, wanganga wa Hyderabad katika Uhindi walitangaza kazi waliyofanya na vijana. Waliwapa chakula cha wali na vitu vingine vya kawaida. Siku nyingine waliwapa chakula cha namna ile pamoja na gramu 100 za mapera. Pamoja na mapera, chuma kilichoingia mwilini kilikuwa karibu mara mbili.  Si dawa ya bei, si mashine. Mapera.

MAPERA NA MACHUNGWA

Kwa nini mapera, na si tunda lingine? Machungwa ni mazuri, malimau ni mazuri. Lakini angalieni hesabu. Katika gramu 100 za chungwa kuna vitamini C kama miligramu 53. Katika gramu 100 za mapera kuna zaidi ya miligramu 200. Hiyo ni karibu mara nne! Mutu mukubwa anahitaji kama miligramu 45 kila siku, mama mwenye mimba 55, mama anayenyonyesha 70, mutoto mudogo 30. Basi pera moja tu la kadiri, hata lile dogo la kuingia mukononi mwa mutoto, linaweza kutosha mutu mukubwa kwa siku nzima, na hata kupita. Nusu yake inatosha mutoto.

Kukosa vitamini hii kabisa kunaleta ugonjwa wa skorbuti: ufizi unavimba na kutoa damu, vidonda havikauki. Zamani ulikuwa unaua watu wa meli waliokaa miezi mingi baharini bila matunda. Mwaka 1747 munganga mumoja wa meli za Uingereza, James Lind, aliwapa wagonjwa wawili machungwa na malimau, na hao ndio waliopona mbio kuliko wengine. Tangu siku zile tunda likaanza kuhesabiwa kama dawa ya kweli.

Pera lenyewe si la Afrika tangu mwanzo. Lilitoka Amerika ya joto, na Wareno walilipitisha bahari. Hata jina tunalosema, «pera», lilitoka katika luga yao. Kwao ni jina la lile tunda ambalo Wafaransa wanaliita poire. Lilipofika kwetu lilipenda udongo wetu, likakaa kama mwenyeji.

Kuna faida zingine pia. Pera lina nyuzi nyingi zinazosaidia choo kutoka vizuri, na lina folati, inayosaidia kutengeneza damu, tena inahitajiwa sana na mama mwenye mimba. Lile lenye nyama nyekundu lina rangi ileile inayopatikana katika tomati. Lakini kazi yake kubwa katika nyumba zetu ni ile tuliyosema: kufungua chuma cha mboga.

NAMNA YA KUFANYA NYUMBANI

1. Kula mapera pamoja na chakula. Hii ndiyo sheria ya kwanza. Bukari na sombe juu ya meza, na pera moja kando ya sahani ya kila mutu. Si asubui peke yake kama chakula ni ya mangaribi. Ukila mbali na chakula ni vizuri pia, lakini chuma cha maharagi kitabaki kimefungwa.

2. Chai ingojee. Chai na kahawa zinafunga chuma. Chai ikinywewa pamoja na chakula inaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho kingeingia. Baba anayependa kikombe chake kiisha bukari, angoje saa moja au mbili. Mutoto mudogo hana lazima ya chai hata kidogo.

3. Usimenye ngozi. Vitamini C nyingi iko katika ngozi na karibu yake. Osha vizuri, kula na ngozi.

4. Usipike kama hakuna lazima. Moto unaharibu vitamini C. Konfitiri ni tamu, na inasaidia mapera yasioze, lakini nguvu imepunguka, na sukari imezidi. Jusi ya nyumbani ifanywe hivi: kata mapera yaliyoiva, ponda na maji safi yaliyochemshwa na kupoa, chuja mbegu, kunywa siku ileile. Ikilala, hewa inakula vitamini.

5. Mutoto mudogo. Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Kiisha miezi sita, ponda nyama ya pera lililoiva sana, chuja mbegu zote, tia kidogo katika uji au katika maharagi yaliyopondwa.

6. Chagua lililoiva. Mapera mabichi yanafunga tumbo. Watoto wanaokula mengi mabichi, na kumeza mbegu bila kutafuna, wanaweza kukosa choo kwa siku nyingi na kuumwa sana. Si tunda lililokosa, ni haraka yao.

7. Mama mwenye mimba: vile vidonge vya chuma wanavyokupa kwenye CPN, usiviache. Pera halichukui nafasi yao. Lakini badala ya kuvimeza na chai, vimeze na maji, na kula pera. Vitaingia vizuri zaidi.

NA ILE MINYOO YA NDANI YA PERA?

Wengi wanachukia mapera juu ya vidudu vyeupe. Hivyo si minyoo ya tumbo. Ni watoto wa inzi wa matunda, anayetaga mayai chini ya ngozi wakati tunda linaanza kuiva. Havikai katika tumbo la mutu. Lakini hakuna mutu anayevipenda, na ni haki. Basi kata pera katikati na kuangalia mbele ya kula. Chuma mapera mara yanapoanza kugeuka rangi, yaive ndani ya nyumba. Na yale yaliyoanguka na kuoza, usiyaache chini ya muti: yazike katika shimo la nusu metre, au yafunge ndani ya mufuko wa plastiki na kuuacha kwenye jua siku nyingi. Ukifanya hivyo kila siku wakati wa mapera, na majirani wakifanya pamoja nawe, inzi watapunguka. Ukifanya peke yako, watavuka ukuta.

VUMBI YA MINE

Hapa tunasema neno linalotuhusu sisi, watu wa mine. Matunda yetu yanakaa chini ya vumbi ya viwanda, ya kamyo na ya mawe yanayosagwa. Mwaka 2009 wanganga wa Universite ya Lubumbashi na wa Leuven katika Ubelgiji walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na mine na viwanda vya Katanga, hata watoto, walikuwa na kobalti nyingi sana katika mukojo wao. Vumbi inaingia kwa pua, inaingia kwa mikono michafu, inaingia kwa chakula kisichooshwa.

Na kuna neno ambalo wazazi wengi hawajasikia. Katika tumbo, kobalti inapita katika mulango uleule ambao chuma kinapita. Mwili unaokosa chuma unafungua mulango ule wazi zaidi, maana unatafuta chuma kwa nguvu. Basi kobalti nayo inapata njia pana. Mutoto mwenye anemi anayecheza katika vumbi ana hatari mara mbili: damu ni kidogo, na vumbi inaingia zaidi. Kumupa chuma cha kutosha ni kumulinda pia.

Pera haliondoi kobalti iliyo mwilini; mutu asiwadanganye. Lakini fanyeni hivi. Osheni mapera kwa maji safi na kuyasugua kwa mikono, si kuyapangusa kwa nguo. Oshani mikono ya watoto mbele ya chakula. Msipande muti wa matunda juu ya udongo uliotoka kiwandani, wala pale walipomwaga mabaki ya madini, wala karibu na maji mekundu au ya kibluu yanayotoka huko. Na wale wanaochimba wavue nguo za kazi inje, mbele ya kubeba mutoto.

PERA SI MUNGANGA

Wapendwa, kuna watu wanaopita na karatasi, wanasema tunda fulani linaponyesha kila ugonjwa. Sisi tunawaambia ukweli. Mutoto aliye mweupe sana mikononi, anayepumua mbio, aliye na homa, hapana kumuponda mapera. Mupelekeni kwenye sentre ya afya siku ileile. Labda ni malaria, labda anahitaji kuwekewa damu, na kila saa inahesabiwa. Pera ni la kulinda siku kwa siku, si la kuokoa mutu aliyekwisha kuanguka. Na kulinda vizuri kunaomba vingine pia: kulala chini ya musikitere, dawa ya minyoo wakati wanapoigawa, choo safi, viatu miguuni.

Mugonjwa wa SS aulize munganga wake mbele ya kutafuta chuma zaidi, kwa sababu wale waliowekewa damu mara nyingi wanaweza kuwa nacho kupita kadiri. Mugonjwa wa figo aulize pia. Mwenye ugonjwa wa sukari anaweza kula pera moja kwa chakula, lakini asinywe jusi wala kula konfitiri.

Na majani ya muti ule? Nyanya zetu wanayachemsha juu ya kuhara, na kweli yanakaza tumbo. Lakini mutoto anayehara anakufa kwa kukosa maji, si kwa kukosa majani. Mupeni kwanza maji ya chumvi na sukari: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Aendelee kunyonya na kula. Kama kuna damu katika choo, au macho yameingia ndani, muende kwa munganga mbio.

KWENU VIJANA

Ninyi vijana munaweza kufanya kazi hii kuliko wazazi. Mbegu ya pera inaota kwa urahisi, lakini muti utakaotoka hauwezi kujulikana kama utazaa matamu. Tafuteni muti unaozaa vizuri, ombeni tawi, muliotesheshe muzizi: munakata ngozi ya tawi kwa muzunguko, munafunga udongo wenye maji na plastiki, na kiisha majuma kadhaa muzizi inatoka; munakata na kupanda. Muti wa namna hii unazaa mbele ya ule wa mbegu. Lupango ambalo halina nafasi kubwa linaweza kupata muti mumoja, mukiukata kila mwaka usipite mukono wa mutu.

Na masomoni, wakati wa kupumzika, franga ileile ya biskuti na sashe inaweza kununua mapera matatu. Biskuti inashibisha nusu saa. Wasichana wanisikilize zaidi: kila mwezi munapoteza damu, na siku moja munaweza kuwa mama. Akiba ya damu haianzi siku ya mimba. Inaanza sasa.

Kwa baba, neno moja fupi. Wewe ndiwe unayepewa sahani ya kwanza, na kipande cha samaki kinakwenda kwako. Leo angalia sahani ya mama watoto, mwenye mimba, na sahani ya yule mudogo. Gawanya samaki, weka pera kando. Hapo utakuwa umelinda damu ya nyumba yako bila kutoa hata franga moja.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

– Katika lupango letu kuna muti gani wa matunda, na matunda yake yanakwenda wapi?

– Nani kati yetu anachoka mbio? Mara gani ya mwisho alipimwa damu?

– Tunakunywa chai saa gani? Tunaweza kuisogeza?

– Mapera yanayooza chini, nani atayazika, na siku gani?

Jibuni pamoja, wakubwa na wadogo, na mutoto aseme pia. Mwezi ujao, tukiwa na uzima, tutazungumza juu ya maharagi na namna ya kuyapika bila kumaliza makala. Mubaki na afya njema.